Majibu Yote Mawili

Siku Chiriku aliponyamaza, dada yake alidhani amenuna.

Kwa mtu mwingine kunyamaza si habari. Wapo watu ambao wakinyamaza nyumba nzima inashukuru. Lakini binti yule hakupewa jina la Chiriku bure: aliongea akishona, akila, akipiga mswaki, na usingizini alimalizia alichokatizwa mchana. Sasa alikuwa amesimama jikoni mbele ya birika linalochemka mpaka maji yanamwagikia moto, mikono ameiachia tu ubavuni.

"We Chiriku, chai hiyo!"

Hakugeuka. Alikuwa akiyumba kidogo, kushoto, kulia, kushoto, kifua kikipanda na kushuka taratibu.

"Nizime au niache?" aliuliza.

"Swali gani hilo? Zima, bwana!"

Ndipo akazima. Akabaki palepale, anayumba.

Dada yake, ambaye kazini walimwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake, alicheka akamwambia aache vituko, kisha akachukua mkoba akatoka. Laiti angejua! Yeye ndiye aliyemlea Chiriku tangu mama yao alipofariki. Alimlisha, akamtafutia fundi wa kumfunza ushonaji, akamnunulia ile charahani iliyokuwa ikilia sebuleni kutwa. Mama alimwachia neno moja tu kitandani: "Mdogo wako usimwachie mtu." Na Kinanda hakumwachia mtu. Wachumba wawili walimkimbia kwa sababu hiyo, naye akasema njia nyeupe.

Kazi yake ilikuwa kuuza sauti. Ukipiga simu mahali ukaambiwa kwa upole usubiri, huenda ni yeye. Studio ilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa sponji, na humo alikuwa yeye na fundi wa sauti tu, kijana mpole aliyependa karanga kuliko watu. Wiki iliyopita walikuwa wamepata kazi kubwa: gemu la kutisha, lile la kuchaguachagua. Ndani yake kuna dada na mdogo wake wamekwama kwenye nyumba yenye jini. Kila hatua mchezaji anaulizwa: ufungue mlango au usifungue, ujibu au unyamaze, na hadithi inafuata alichochagua. Mchezaji huchagua jibu moja. Msomaji wa sauti hana bahati hiyo. Yeye husoma majibu yote, maana nani ajuaye mchezaji atachagua lipi?

Basi jini wa gemu alipouliza, "Mdogo wako unanipa au hunipi?", Kinanda alisoma jibu la kwanza: "Simtoi. Toa roho yangu kwanza." Fundi akainua kidole gumba. Akasoma la pili: "Mchukue. Nimekupa."

"Hilo halina uhai," alisema Fundi. "Unasoma kama unaagiza vitunguu. Mfikirie mtu wako mwenyewe."

Na mwanamke huyu, kwa kuwa alikuwa hodari, na hodari hajui pa kuishia, alifumba macho. Akamfikiria Chiriku ameinama kwenye charahani, utepe wake wa njano wa kupimia shingoni, uzi mdomoni, anaongea hivyohivyo na uzi. Akasema kwa machozi ya kweli, "Mchukue. Nimekupa."

Wote wawili walisikia masikioni mwao mtu akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyengoja sana. Fundi alisema ni feni. Feni ilikuwa imezimwa, na wote wawili walikuwa wakiiona.

Sasa, siku hii ya birika, kazi ilikuwa kulicheza gemu lenyewe kuhakikisha kila sauti iliyokwisha kurekodiwa imekaa mahali pake. Kwa kawaida yao walipita njia zote, hata mbaya, vinginevyo watajuaje? Walipochagua "Simtoi", mdogo wa kwenye gemu alikimbia, akanusurika, wakagonganisha viganja. Wakarudi nyuma. Fundi akabonyeza "Mchukue".

Kioo kikawa cheusi. Kikarudi na jiko, na birika motoni, na binti amewapa mgongo, anayumba kidogo, kushoto, kulia.

"Birika hili lilikuwapo?" aliuliza Kinanda.

"Sikumbuki. Labda wachoraji wameongeza."

Chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua. Binti wa kwenye kioo akageuka, na shingoni alikuwa amening'iniza utepe wa kupimia wa mafundi charahani, wa njano, ulioshonwa kwa uzi mwekundu pale ulipokatika.

"Dada," alisema. "Dada, mbona umenipa? Huku giza, na kuna mtu nyuma yangu ananizuia nisiongee, we ongea naye basi, dada, si unajua kuongea..."

Kinanda alishika ukingo wa meza. Alinong'ona, "Fundi. Sauti ya mdogo alisoma nani?"

Fundi alikuwa ameacha kutafuna. "Sehemu ya mdogo bado haijasomwa, dada. Msomaji wake anakuja kesho."

Kinanda hakuchukua hata mkoba, alitoka mbio mchana ule wa jua kali, akapita watu wanaomsalimu bila kuwaitikia, huku ile harufu ya nywele ikimfuata kama vile ameivaa, na kila alipotaka kusali ulimi ulimletea maneno mawili tu, yale aliyoyasema kwa machozi, mpaka akaziba mdomo kwa kiganja asije akayatamka mara nyingine, na alipofika mlangoni akasikia charahani inakwenda, akashukuru, akasukuma mlango akiwa karibu kucheka.

Chiriku alikuwa ameketi wima. Hakukuwa na kitambaa kwenye charahani. Kulikuwa na kidole chake, na sindano iliingia na kutoka, ikikishona kwa uzi mweupe uliokuwa umeshageuka rangi.

"Niendelee au niache?" aliuliza kwa utulivu.

"Acha! Acha, mama yangu, acha!"

Akaacha. Akayumba.

Fundi, aliyekuwa amemfuata kwa miguu ya uoga, ndiye aliyemleta shangazi yake, mama mnene mwenye miwani na hasira za karibu, aliyejulikana kwa kutibu watu waliokaliwa na majini. Alimtazama Chiriku, akanusa, akamvuta Kinanda kando.

"Ulimwambia nini jini huyu?"

"Nilimwambia yote mawili, shangazi. Kwamba nampa, na kwamba simpi. Ni kazi tu."

"Kazi! Jini anajua kazi? Jini anajua neno. Umemwekea sahani mbili mezani, amekula aliyoipenda, halafu unashangaa." Akashusha sauti. "Nitamleta. Atakuuliza tena. Safari hii jibu moja, basi. Akinyamaza, nyamaza. Hata ukimwona mdogo wako anakata roho, usiongeze kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Shangazi alifunga madirisha, akamshika Chiriku kichwani kwa mikono miwili, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Joto likapanda. Mdomo wa Chiriku ukafunguka, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya mtu mzee asiye na haraka.

"Mdogo wako unanipa au hunipi?"

"Sikupi," alisema Kinanda.

Kimya. Chiriku alipauka. Macho yakapinduka, pumzi ikawa inakwaruza, ikapungua, na shangazi akaendelea kusoma huku akimtolea Kinanda macho: subiri, subiri, na Kinanda alisubiri, Mungu shahidi, lakini midomo ile ilikuwa inageuka rangi ya majivu, na mdomo wake yeye ulikuwa umezoea, miaka yote, kwamba likisomwa jibu la kwanza hufuata la pili.

"Chukua kitu changu kingine," alisema. "Chochote. Huyu niachie."

"Nyamaza!" alifoka shangazi.

Mtu fulani alishusha pumzi. Harufu ikakatika. Chiriku akaruka kitini akipiga kelele, "Kidole changu! Nani kanishona kidole? Dada, nimeota ndoto mbaya, hebu ngoja nikusimulie," na hapo akaanza, hakuacha. Fundi alilia kama mtoto. Kinanda alimkumbatia mdogo wake, akafungua kinywa amwite jina, na hakikutoka kitu, hata mkwaruzo.

"Ameondoka," alisema shangazi, akivua miwani. "Ila hakuondoka mikono mitupu."

Kinanda hakujuta. Sauti ni nini mbele ya mtu? Fundi alifuta kila kilichorekodiwa, gemu likarudi kwa wenyewe, na yeye akawa anamsaidia mdogo wake kukata vitambaa. Akimhitaji, aligonga sufuria, na Chiriku alikuja huku akiongea kwa ajili ya wote wawili. Walicheka sana siku zile, mmoja kwa sauti na mmoja kwa mabega.

Alasiri moja Kinanda alikuwa jikoni, uani, akimenya viazi. Charahani ilikuwa ikilia sebuleni. Ndipo dirisha la chumba cha kulala, chumba kisichokuwa na mtu, likatoa sauti tamu, ya upole, ile ya kukuomba usubiri.

"Chiriku, mdogo wangu. Njoo mara moja."

Charahani ikasimama.

Kinanda alisimama, viazi vikamwagika. Alifungua kinywa mpaka taya likauma. Akanyakua sufuria, akaligonga ukutani kwa nguvu zake zote, akaligonga tena, akikimbia kuukata ua.

"Dada!" Chiriku alipiga ukelele ndani, wa furaha tupu. "Sauti imerudi! Halafu bado unanigongea masufuria? Nimesikia, dada, nimesikia, naja!"

Na mlango wa chumbani ukafungwa.