Mwalimu wa Chumba cha Pili

— Lyuben, maharage yanapoa.

— Niko na mwanafunzi.

— Hata dakika tano?

— Nevena, nimesema niko na mwanafunzi!

Nevena akaurudisha mlango taratibu, akaenda zake jikoni. Nje mvua ilikuwa imechanganyika na theluji, na mji mzima wa Vratsa, huko Bulgaria, ulionekana mchafu. Akaifunika sahani ya mumewe, akaketi, akafungua simu. Ujumbe ulikuwa umeshaingia.

"Ralitsa, nimesoma insha yako mara mbili. Usijidharau, hapo ulipokwama wengi hukwama. Kula kwanza, pumzika, halafu tutaendelea. Nipo. Mwalimu Lyuben."

Kula kwanza! Nevena akacheka peke yake, kicheko cha mtu anayetaka kulia. Maana huyo Ralitsa alikuwa yeye mwenyewe.

Ilianza hivi. Shule aliyokuwa akifundisha Lyuben ilifungwa kwa kukosa watoto, kwani nusu ya wazazi walikuwa wamehamia Ujerumani. Akapata kazi ya ukufunzi wa Kijerumani mtandaoni. Masomo yalikuwa ya maandishi, na kazi yake ilikuwa kuwashika mkono wanafunzi: kuwasahihishia, kuwatafuta wanaopotea, kuwatia moyo wanaotaka kuacha. Jamani, walimsifu! Waliandika kwamba ana subira ya mzazi, kwamba hata swali la kijinga hulijibu kwa heshima. Nevena alizisoma sifa hizo akajiuliza huyo mwanamume anayeishi na watu mtandaoni ni nani, mbona nyumbani hajawahi kumwona.

Basi akajiandikisha. Majina ya kwenye hati hubaki ofisini, mji mkuu Sofia, na kwenye mfumo kila mwanafunzi hujichagulia jina la kuonekana. Alidhani atachungulia wiki moja tu. Sasa miezi minane ilikuwa imepita, Kijerumani kimemwingia, na mwalimu wake alikuwa amemwingia zaidi.

Rafiki yake Stanka, anayelea wazee huko Kassel, Ujerumani, alimpigia simu.

— Shosti, nafasi yako ya kazi bado ipo. Cheti cha Kijerumani tu ndicho kinachosubiriwa. Au ungali unamngoja huyo bwana wako?

— Nangoja neno moja.

— Neno gani?

— Lolote. Aniulize hata nimeamkaje. Akiniuliza kabla ya mtihani, siji huko.

— Na asipouliza?

— Basi atakuwa amenifundisha lugha ya kumkimbilia.

— We mwanamke una wazimu! Si umwambie ni wewe?

— Nikimwambia atakuwa mpole kwa aibu. Upole wa aibu siutaki, Stanka.

Jioni hiyo shetani akamwingia vidoleni, akaandika: "Mwalimu, mkeo ana bahati."

Jibu lilichelewa. Kupitia ukutani alisikia kiti cha mumewe kikilia, kikinyamaza, kikilia tena.

"Mke wangu ni mtu mwema. Ila hatuna la kuzungumza, tunaishi kama wapangaji wawili. Wewe una maneno, Ralitsa. Ukimaliza mtihani ningependa tuonane, na si kama mwalimu na mwanafunzi."

Nevena akaiweka simu juu ya meza, uso chini. Moyo ulimuuma vibaya, na kilichomuuma hakuwa na wa kumshtakia. Mumewe alikuwa anamsaliti, na mwanamke aliyekuwa anamnyang'anya mume alikuwa yeye mwenyewe.

Siku ya mtihani wa kuzungumza ikafika. Huo ndio mtihani pekee wa kamera, mkufunzi na mwanafunzi uso kwa uso, na wote hurekodiwa. Asubuhi Nevena alimpa mumewe nafasi ya mwisho.

— Leo una kazi nyingi?

— Mitihani. Usiwashe mashine ya kufulia, itapiga kelele.

— Kingine?

— Kingine nini?

— Hamna.

Lyuben akachukua kahawa yake, akafunga mlango. Nevena alisimama pale koridoni kidogo, halafu akaenda kuchana nywele.

Saa ilipofika Nevena akaketi jikoni, akawasha kamera. Lyuben alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe, anatabasamu tabasamu ambalo mkewe hakuwa ameliona tangu shule ifungwe. Kwanza akaona vigae vya kijani vya jikoni kwake. Kisha akaona pazia alilolitundika kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akamwona Nevena, na tabasamu likamfia mdomoni.

Kitone chekundu cha kurekodi kilikuwa kimeshawaka. Mtihani ukianza haukatizwi. Lyuben akashika kadi ya maswali. Yote yalisemwa kwa Kijerumani.

— Jina lako?

— Nevena Hristova. Kwenye mfumo mnaniita Ralitsa.

— Unaishi na nani?

— Na mume wangu. Sasa hivi yuko chumba cha pili.

— Eleza... eleza siku yako ya kawaida.

— Asubuhi nampikia kahawa. Mchana naokota kikombe mlangoni. Jioni namwita chakula, anasema yuko kazini. Halafu namwandikia mwalimu wangu, na yeye hunijibu vizuri.

Lyuben akageuza kadi. Hata katika fedheha ile, sikio lake la ualimu lilimwambia kwamba hakukuwa na kosa hata moja.

— Kwa nini unajifunza Kijerumani?

— Mwanzoni nilitaka kuongea na mtu. Sasa nataka kuondoka, nikafanye kazi Kassel.

Swali lililofuata halikuwemo kwenye kadi.

— Na huyo mtu akikuomba msamaha?

— Mwalimu, muda umekwisha.

Kitone kikazimika. Haikupita muda, Lyuben akawa amesimama mlangoni mwa jikoni.

— Nevena, ni wewe yuleyule! Huoni? Niliyempenda ni wewe!

— Hapana. Ulimpenda mwanamke ambaye si mkeo. Ungejua ni mimi, ungenijibu kwa neno moja.

— Nilikuwa nimechoka...

— Kwa Ralitsa hukuwahi kuchoka. Alipokwambia anaogopa kuzeeka bila kuulizwa lolote, ulimwandikia kurasa mbili. Mimi nililia kitandani, ukageukia ukutani.

— Baki. Nipe nafasi.

— Nilikupa hadi asubuhi ya leo.

Lyuben akashika fremu ya mlango. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini.

— Alama natoa mimi. Nikiandika umefeli, Kassel hakuna.

Nevena alimtazama mumewe kana kwamba anamwona mara ya kwanza na ya mwisho.

— Andika unachotaka, Lyuben. Angalau nitajua niliolewa na nani.

Lyuben akarudi chumba cha pili, akafunga mlango. Nevena alibaki ameketi, mikono mapajani, hana hata nguvu ya kuwasha taa. Giza lilikuwa limeshaingia jikoni simu ilipotoa mlio.

"Ralitsa, umefaulu kwa alama za juu kabisa. Nimewafundisha wengi; wewe ndiye bora. Usiruhusu mtu yeyote akurudishe nyuma. Hongera."

Akalia kwa sauti, bila kujificha. Akaenda akagonga.

— Asante, Mwalimu.

— Usiniite hivyo, sauti ikasema kutoka ndani.

— Nikuite nani basi?

Mlango ukafunguka. Lyuben akampita macho mekundu, akaingia chumba cha kulala, akapanda juu ya kiti na kulishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Akalifuta vumbi kwa mkono wa lile shati jeupe, akaliweka kitandani, upande wa mkewe.

— Huko Kassel, akauliza bila kumtazama, kuna baridi kuliko huku?

— Sijui, Nevena akasema. Huku nimeshazoea.