Rangi Penye Nati

Ijumaa ile nilitoka kwenda kununua dawa ya kuondoa rangi, jua likiwa limeshainamia paa za watu. Muuza vifaa alinipa kopo na glavu, akanitania kama kawaida yake.

"Fundi rangi, hii inakula mpaka ngozi. Ikikuunguza usije kunililia hapa."

Nilicheka. Siku hizo nilikuwa nacheka kila mtu alipotaka nicheke, ili asiniangalie sana.

Nyumbani, kwenye kibaraza cha nyuma, rimu nne za chuma zilikuwa zimeegemea ukuta. Tatu zilitoka kwenye gari la marehemu kaka yangu, ya nne ilikuwa ya akiba. Shemeji, mkewe, alizileta mwenyewe. Gari lilikuwa limetengenezwa upya, na binti yao angeanza kuliendesha kwenda kazini.

"Zing'arishe shemeji, kama ulivyomng'arishia kaka yako," aliniambia. Masikini, hakujua anasema nini.

Niseme kosa langu mapema, maana kuzungukazunguka ndiko kulikonifikisha hapa. Mwaka mmoja nyuma nilizipaka rimu zile rangi ya fedha. Fundi gari aliyekuwa azifunge alinionya: pale nati inapokalia, chuma kibaki kitupu. Rangi ikiwa nene chini ya nati, husagika gari likitembea, na nati inalegea hata kama umeikaza kwa nguvu zako zote. Nilijua. Lakini mimi napenda sifa kama mbu anavyopenda sikio, na vile viduara vya chuma kitupu vilikuwa vinaniharibia urembo. Nikapaka. Mara tatu.

Fundi alipoona, nilimwambia nimepuliza juu juu tu. Akatikisa kichwa, akazifunga. "Basi mwambie kaka yako apite kesho nizikaze tena nati. Usisahau."

Sikusahau. Sikumwambia tu. Ningemwambia, ningelazimika kueleza kwa nini.

Siku ya tatu gurudumu la mbele lilichomoka kwenye mteremko. Kaka hakufika hospitali.

Lawama zote zikamwangukia fundi. Hakukaza nati, watu walisema. Msibani alinigeukia mbele ya ndugu wote, machozi yakimtoka. "Sema nilikuagiza nini." Nami nikasema sikumbuki. Nilisema hivyo nikimtazama usoni. Wateja wakamkimbia, gereji akaifunga.

Na ushahidi ulikuwa pale kibarazani. Kwenye zile rimu tatu, kila tundu la nati lilikuwa limezungukwa na rangi iliyosagika, imevimba pembeni na kumenyeka katikati. Mtu yeyote wa kazi hii angeielewa mara moja. Nikiivua rangi ile, neno la fundi lisingekuwa tena na wa kulishuhudia.

Nilifungua kopo.

Dawa niliipaka kwa brashi, nikasubiri. Rangi ikaanza kujikunja kama utando wa maziwa ya moto. Nikaikwangua, kisha nikashika brashi ya waya. Kwaru... kwaru... kwaru... Rimu ya kwanza, ya pili. Nilikuwa nimebakiza tundu moja la rimu ya tatu niliposimama kufuta jasho.

Kwaru... kwaru...

Mkono wangu ulikuwa umetulia.

Kwaru... kwaru...

Sauti ilitoka nyuma ya pipa la maji. Ikaja na harufu, si ya dawa. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi uliotoka kuchimbwa. Nikaenda huku miguu inakataa, nikachungulia.

Mtu alikuwa amechuchumaa, kanipa mgongo. Kavaa ovaroli yangu, ileile iliyochanika begani, na mimi nilikuwa nimeivaa. Mkononi ana brashi ya waya. Mbele yake hakuna rimu.

Alikuwa anasugua kiganja chake.

"Nenda kawaambie," alinong'ona bila kugeuka. Sauti ilikuwa yangu.

"Wewe... wewe ni nani?"

"Nenda kawaambie. Bado tundu moja."

Nilitaka kupiga kelele, ulimi ukagoma. Na katika hofu ile yote, niamini, jambo nililoliogopa zaidi bado lilikuwa sura ya shemeji.

"Siwezi," nikasema. "Watanitema."

Akaacha kusugua.

"Basi nitakwenda mimi."

Alipoinuka nilijifunika uso. Nilisikia ovaroli yake ikigusa yangu alipopita. Geti likalia. Nilipofumbua macho hapakuwa na mtu, na giza lilikuwa bado halijashika vizuri.

Nikajiambia ni mvuke wa dawa, dawa ile hulevya. Kisha, aibu yangu hii, nikarudi nikalisugua lile tundu la mwisho mpaka chuma kikawa cheupe.

Jumamosi nikapaka praima, ile rangi ya kutangulia, Jumapili rangi yenyewe. Safari hii kila panapokalia nati nilipafunika kwa karatasi ya gundi, pakabaki patupu kama fundi alivyotaka. Angalau binti asife. Nilijipongeza kwa hilo, fikiria, kama mwizi anayejisifu kwa kufunga mlango alipotoka.

Jumatatu jioni nikazipeleka kwa mkokoteni, nikazipanga uani kwa shemeji. Alinifungulia mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamevimba. Sebuleni, mikono juu ya magoti, alikuwa amekaa fundi gari.

"Kaa, shemeji," aliniambia kwa upole. "Tulijua utarudi."

"Nirudi?"

"Ijumaa ulikaa kiti hichohicho," fundi akasema. "Shemeji yako alipotuma niitwe nilikuja kwa shari. Lakini ulivyolia, ndugu yangu! Ulieleza yote, rangi, yale maagizo yangu, mpaka ule uongo wa msibani. Hasira za mwaka mzima zikaniisha."

"Sisemi sina uchungu," shemeji akasema. "Ninao, nitakufa nao. Ila ulikuja mwenyewe, hukuburutwa. Nimekusamehe."

Ningeweza kusema haikuwa mimi. Au ningeweza kuyasema upya, kwa mdomo wangu, angalau mara moja. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa, ilikuwa kuingia tu. Badala yake nikahisi mwili mzima unalegea kwa raha, raha ya kuepushwa. Nikasema, "Asanteni."

Hilo tu. Nalijutia kuliko rangi.

Fundi akaniangalia kwa muda. "Mbona leo macho makavu hivyo?"

Kabla sijajibu, mlango wa jikoni ukafunguka. Binti aliingia na bakuli tupu. "Mama, baba mdogo yuko uani anaziangalia rimu. Anaomba maji ya kunawa..."

Akaniona. Bakuli likamtoka.

Hakuna aliyeinama kuliokota. Fundi alisogeza kiti chake nyuma, taratibu, mbali nami. Shemeji hakusogea. Alinikazia macho.

"Wewe," akasema. Hakuniita shemeji. "Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

Ulimi ukanifunguka, baada ya mwaka mzima, wakati kusema hakunisaidii tena.

"Nilikuwa nyumbani," nikasema. "Nilikuwa naiondoa ile rangi, msije mkaiona."

Nyayo zikaja kutoka uani. Hazikuwa na haraka. Zikasimama mlangoni, mtu akapangusa miguu kwenye zulia.

"Hodi..."

Sauti yangu. Imekauka kwa kulia.

Shemeji aliendelea kunitazama, vile unavyomtazama mtu usiyemjua aliyekaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Kisha akageukia mlango.

"Karibu, shemeji," akasema. "Pita ndani."