Kitufe cha Sijui

Na itangazwe kwa waliopo na watakaozaliwa, kwa walio duniani na kwa wale jamaa wachache wanaolima spinachi mwezini, kwamba mwaka wa 2094 binadamu aliacha kukosea. Tukio hilo tukufu lilifanyika katika shule ya bweni ya wasichana ya Ikwavila, kwenye baridi ya nyanda za juu kusini, siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi. Ilipofika chai ya saa nne, mpishi wa shule alikuwa ameketi juu ya gunia la viazi, analia.

Chombo kilichokomesha makosa kiliitwa Chumba cha Kesi. Kilikuwa na ukubwa wa darasa moja na kuta nyeusi, na ndani yake mwanga ulifumwa mpaka ukawa watu. Watu hao waliitwa vivuli, ingawa walikuwa na rangi zote za binadamu. Vilipumua, vilikohoa, na ukivisogelea mno vilirudi nyuma kwa adabu. Mchezaji aliingia humo kama mpelelezi. Alipewa kosa, akahoji vivuli, akaokota ushahidi, na mwisho akanyoosha kidole na kusema, "Ni wewe." Akili unde iliyoendesha mambo yote hayo iliitwa Mfumaji, kwa kuwa ilichukua kila alichofanya mchezaji na kukifuma kiwe hadithi. Toleo la shule lilikuwa limelishwa sura na sauti za watu wote wa Ikwavila, ili wanafunzi wapeleleze makosa ya hapohapo kwao, kama vile nani amechovya kidole katika sukari ya walimu.

Sasa, Ijumaa ya nyuma yake, Afisa Elimu alikuwa amekuja kutembelea shule. Ikwavila ina roboti aitwaye Mkaguzi, mwenye magurudumu manne na kimo cha ndoo mbili zilizobebana, ambaye kazi yake ni kukagua vitanda na kukemea. Wakati wa kipindi cha michezo, mtu fulani alikuwa amefungua kifuniko cha mgongoni mwa Mkaguzi kwa mpini wa kijiko cha uji, akabadilisha salamu zake. Afisa aliposhuka garini, mbele ya wanafunzi mia sita waliopanga mistari, Mkaguzi alimsogelea akamwambia, "Wewe, chomekea. Halafu kapige mswaki, unatuaibisha."

Afisa alichomekea. Kisha akaingia ofisini, akaandika neno moja katika kitabu cha wageni: "Nimeona."

Mkuu wa shule, Madam Kokushubila, hakulala vizuri siku tatu. Jumatatu aliingia Chumba cha Kesi akiwa na fimbo yake ya kutembelea na uamuzi wake tayari. Mkaguzi huchajiwa stoo ya jikoni, na funguo za stoo anazo mpishi, Mzee Ambakisye. Madam alinyoosha kidole kwenye kivuli cha mpishi. Kivuli kikaanguka magotini na kukiri kila kitu, kwa machozi, kwa saa na dakika, na kwa sababu zinazoeleweka. Mzee Ambakisye, ambaye alikuwa ameitwa ashuhudie, alikabidhi funguo papo hapo. Ijumaa angeondoka. Kilichobaki ni bodi ya shule kupata cheti, kilichosainiwa na fundi aliyekitengeneza chombo, kwamba ungamo hilo ni halali.

Ndiyo maana Jumatano, Nsia Mgaya alishuka kwenye treni ya sumaku akiwa na begi moja, maumivu ya mgongo, na hamu ya kuwa mahali pengine popote.

Nsia alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia kutunga kesi. Alishatunga mia mbili na kumi na mbili. Alikuwa amechoka na maiti, amechoka na nyayo zenye tope, amechoka zaidi na watu wa treni wanaomwambia kwamba kazi yake lazima inafurahisha sana. Alipofika alipelekwa ofisini, akasomewa barua ya bodi, akaomba maji ya kunywa. Maji yakawa kisingizio cha kwenda jikoni.

Mzee Ambakisye alikuwa anamenya karoti. Alikuwa mrefu, mwembamba, na aproni yake ilikuwa safi kuliko koti la daktari.

"Shikamoo, mzee," alisema Nsia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi."

"Karibu. Ningekupa chai, lakini sukari iko stoo, na funguo anazo kiranja wa chakula. Ana miaka kumi na sita. Ananiuliza chumvi nataka ya nini." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kile kivuli changu umekiona?"

"Nimekiona kwenye rekodi."

"Kinaongea vizuri kuliko mimi."

Nsia alisogea mezani. Alichukua kisu cha pili, akaanza kumenya.

"Nikuulize jambo," mzee aliendelea. "Inawezekana mtu akatenda kitu, yeye mwenyewe asijue, mashine ikajua?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kilisema nimepika maharage hapa miaka thelathini na moja na hakuna aliyewahi kuniambia ahsante. Hilo ni kweli. Nilikuwa nalo moyoni, sijamwambia mtu, hata mke wangu. Sasa najiuliza, kama kiliona hilo, labda na hili lingine kimeliona. Labda nililifanya." Alitazama mikono yake. "Lakini mimi hata redio siwezi kubadilisha stesheni."

Nsia alikata karoti vipande vidogo kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyeijua sababu ya ungamo lile kuliko yeye. Katika toleo la kwanza la Chumba cha Kesi, mpelelezi aliweza kukosea. Ukimtaja asiyehusika, mwenye kosa alipanda basi akaenda zake, na kivuli ulichokionea kiligeuka mlangoni kikakutazama. Watoto walilia. Wazazi waliandika barua. Mtu mzima mmoja alirusha kiatu ukutani. Nsia alisoma barua hizo miezi minane, mpaka alasiri moja, kwa kuchoka tu, akaandika kanuni ya maneno mawili: Mchezaji asishindwe. Kuanzia hapo, yeyote aliyenyooshewa kidole ndiye aliyekuwa mkosaji. Mfumaji alirudi nyuma akahamisha nyayo, akarekebisha saa, akamtafutia mtu sababu, na sababu alizichota popote, hata kwenye namna mpishi anavyokaa kimya watu wakirudisha sahani. Barua zilikoma. Nsia alipandishwa cheo.

Alitoka nje nyuma ya jiko akampigia mkurugenzi wake, Shemdoe.

"Dada Nsia, saini uje zako," alisema Shemdoe. "Wao wameutumia mchezo kama mahakama, kosa si letu."

"Nataka kurudisha kushindwa."

"Tusianze tena. Watu wanataka hadithi, hawataki mtihani. Msomaji wa kitabu anashindwa lini? Anafika ukurasa wa mwisho, muuaji yupo, anafunga kitabu, analala. Uliwahi kusikia mtu akidai kitabu kimpe nafasi ya kukosea?"

"Kitabu hakimwambii msomaji kwamba yeye ndiye aliyemkamata muuaji."

"Wanajua ni mchezo," alisema Shemdoe.

"Walijua. Huyu mkuu wa shule amecheza kesi zangu arobaini, kaniambia mwenyewe ofisini. Hajakosea hata moja. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba hakosei, Shemdoe. Kuna mzee hapa anamenya karoti, anajishuku mwenyewe."

"Umechoka, dada yangu."

"Ndiyo," alisema Nsia, akakata simu.

Alhamisi asubuhi waliingia watatu katika Chumba cha Kesi: Nsia, Mzee Ambakisye, na Madam Kokushubila, ambaye alikataa kuketi. Nsia alieleza kanuni yake kwa sentensi fupi. Madam alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo unaniambia nimechezewa."

"Nakuambia ungemtaja yeyote, angekiri."

"Nilimtaja Ambakisye kwa kuwa nilikuwa na sababu. Mashine imeiona sababu yangu ikakubaliana nayo. Wewe ni fundi, unatetea mtu unayemwonea huruma. Huruma siyo ushahidi."

Nsia aliwasha chombo. Alimpa Mzee Ambakisye pete ya mpelelezi, ambayo huvaliwa kidoleni ili Mfumaji ajue ni nani anayecheza. Mwanga ukafumwa. Wakasimama mbele yake wote: matroni, mwalimu wa zamu, viranja, na Madam Kokushubila wa mwanga, na fimbo yake. Yule halisi alimtazama mpishi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akaonekana kukumbuka kwamba kidole ni kitu ambacho kila mtu anacho.

"Mpelelezi," ilisema sauti ya Mfumaji, "ni nani?"

Mzee alivitazama vivuli kimoja kimoja. "Sijui," alisema.

"Chagua mmoja, mpelelezi."

"Sijui, mwanangu. Sikuwepo."

Mfumaji hakuwa amefundishwa jibu hilo. Alijaribu kusaidia. Tope likatokea kwenye viatu vya matroni. Mzee akanyamaza. Kalamu ya mwalimu wa zamu ikaanza kuvuja grisi. Mzee akanyamaza. Ndipo, kwa kuwa macho ya mzee yalipita kwa Madam wa mwanga sekunde moja zaidi ya wengine, kivuli hicho kikatoa leso. Vidole vyake vikawa vyeusi kwa mafuta ya mashine. Kikapiga hatua mbele, hakuna aliyekitaja, kikaanza kwa sauti ya kutetemeka: "Nilichoka kuogopwa. Tangu mume wangu alipofariki hakuna mtu shuleni hapa aliyenicheka hata mara moja, kwa hiyo nikataka…"

"Kizime," alisema Madam.

Nsia alizima. Kuta zikarudi kuwa nyeusi. Madam alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akaketi.

"Kingemalizia nini?"

"Chochote, madam. Kingemalizia vizuri."

Madam alimgeukia mpishi. "Ulikuwa na nafasi ya kunitaja, mzee."

"Ningekutaja vipi na mimi sijui?"

Cheti hakikusainiwa, na Ijumaa mpishi hakuondoka. Lakini msije mkapiga vigelegele. "Sasa na mimi sijui," alisema Madam, "na mtu nisiyejua kama ana kosa siwezi kumpa funguo." Zilibaki kwa kiranja wa chakula. Wasichana waliendelea kukagua sahani zao kabla ya kula, wakiulizana kama mzee ametia kitu. Mzee aliendelea kuomba chumvi.

Nsia alibaki Ikwavila siku mbili, akitengeneza. Aliifuta kanuni yake. Alirudisha basi la mkosaji, alirudisha na kile kivuli kinachogeuka mlangoni. Kisha akaongeza kitu ambacho hata toleo la kwanza halikuwa nacho, kitufe kidogo cha rangi ya kijivu kilichoandikwa Sijui. Shemdoe alimtumia ujumbe wa maneno mengi. Alisoma neno la kwanza tu.

Madam aliagiza habari hii iandikwe kwa ajili ya gazeti la shule, akamteua mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, msichana mwenye mwandiko mzuri, heshima kubwa, na moyo usio na doa. Mwandishi huyo alikaa na Nsia saa nyingi, akamwuliza alichowaza kwenye treni, alichosema nyuma ya jiko, na mgongo unamuuma upande gani. Leo Jumamosi, wakati Nsia anasubiri treni, mwandishi alimpelekea kurasa hizi azisome. Nsia alizisoma pale kwenye benchi la stesheni, begi lake miguuni. Alicheka kwenye spinachi. Kwenye ukurasa wa pili akaacha kusoma.

"Kijiko cha uji," alisema.

"Naam?"

"Umeandika kifuniko kilifunguliwa kwa mpini wa kijiko cha uji, wakati wa michezo. Nani amekuambia?"

"Kila mtu anajua, dada."

"Mimi ndiye niliyeukagua mgongo wa Mkaguzi jana. Niliona mikwaruzo, sikuelewa ni ya nini, na sikumwambia mtu. Saa ya tukio hata Madam haijui." Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayetaka kulala. "Mimi sitamwambia. Treni yangu inakuja, na nimeacha kuwalazimisha watu kupata jibu. Kitufe cha kijivu kipo. Unaweza kukibonyeza ukaenda kula."

Halafu akanirudishia kurasa zangu.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa sentensi nzuri kuhusu teknolojia na mustakabali wa taifa, ninayo hapa kwenye daftari. Lakini jana mchana nilikuwa kwenye foleni ya chakula wakati mzee anamwomba kiranja chumvi, na nilimwona akisubiri, mikono nyuma, kama mtoto wa kidato cha kwanza. Nikapokea maharage yangu. Nilipofika mezani nikala yote.

Siku ile ya Afisa nilidhani wenzangu watacheka, na kweli walicheka. Stoo haikuwa imefungwa siku ile kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba mzee akanichotee maji ya moto, nikamwambia tumbo linauma, naye akaenda mbio.

Ni mimi, Twilumba Kilasi, kidato cha tatu B. Madam, nimeziacha kurasa hizi mezani kwako, chini ya kitabu cha wageni. Mimi niko nje ya mlango. Tafadhali, kabla hujaniita, mpelekee kwanza mzee funguo zake.