Mji Umebigwa

Hakuna aliyemtania Noordin kama Shee, mtu wa Lamu, opereta mwenzake wa simu kule Nairobi. Noordin alizaliwa na kukulia Garissa katika Kisomali, na kila P mdomoni mwake iligeuka B. "Bosta Garissa hapa," alikuwa akisema, na Shee hucheka kwanza, kisha humsahihisha, ndipo waanze kazi. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini walipendana.

Mwaka huo wa 1966 vita vya mashifta, waasi wa Kisomali, vilikuwa vimepamba moto, na kwa siku mbili laini ilikuwa imekufa, nyaya zimekatwa porini. Basi mchana ule, saa saba ya jua kali, kibao cha Nairobi kilipoanguka kwenye swichibodi kuashiria simu, Noordin alidhani mafundi wameshaunga. Ila chumba kilinuka nywele zilizoungua. Akachomeka waya.

"Garissa, andika," ilisema sauti ya Shee. "Adui ameingia Nairobi. Mji unawaka. Mbelekee mkubwa wa jeshi habari hii sasa hivi."

Noordin akaipima habari ile. Akiifikisha, askari wangemalizia hasira zao kwenye bula, mtaa wa watu wake nje ya mji, alikokuwa mkewe Kinsi na mama yake mzazi. Akiificha, nayo iwe kweli, kitanzi ni chake. Mkono ukaanza kuandika wenyewe, huku nyuma ya sauti ile wanawake wakilia, na harufu ikizidi kumkaba, na sauti ikirudia taratibu bila kuvuta pumzi, mji umebigwa, mbelekee mkubwa, mji umebigwa, hata kalamu ikafika ukingoni mwa karatasi na kuendelea juu ya meza.

Umebigwa? Noordin akasita. Shee huyu anayemsumbua kwa P kila siku ya Mungu, leo aseme umebigwa?

"Wewe si Shee," alinong'ona. "Sauti umeiba kwake, ulimi umeiba kwangu."

Kitu kikapumua sikioni mwake, kwa furaha. Noordin akasoma Ayatul Kursi, aya ya kumfukuza jini, akachomoa waya, akaichana karatasi vipande vipande. Harufu ikaondoka. Alilia kwa shukrani, mtu mzima na ndevu zake.

Kesho yake asubuhi mafundi waliunga nyaya kweli. Kibao kikaanguka, na safari hii alikuwa Shee mwenyewe, anahema.

"Noordin? Alhamdulillahi, u hai. Tangu uliponipigia jana sijalala."

"Mimi? Sikukubigia."

"Ulinipigia saa saba, laini ikafufuka kidogo tu. Ukasema Garissa imepigwa, maadui wamejificha bula. Nikampelekea mkubwa papo hapo." Shee akajaribu kucheka. "Na katika msiba ule nilikusifu moyoni. Imepigwa, ulisema, P imenyooka kabisa. Nani kakufundisha, ndugu yangu?"

Noordin akageukia dirisha. Nje, kutoka upande wa mto Tana, malori ya askari yalikuwa yakiingia moja baada ya jingine na kukata kona kuelekea bula. Chumba kilianza tena kunuka nywele zilizoungua.