Aliposimama Ridhiwani

Ndugu zangu, asubuhi ile gatini Nyamisati ilianza kwa kheri. Wapakiaji walikuwa wanakunywa uji wa Salwa, mke wa Ridhiwani, huku wakitaniana habari za mpira. Nani angedhani kwamba kabla ya adhuhuri watu hao hao watakuwa wanalia?

Kiongozi wao alikuwa Abdulrazaq, kaka yake Ridhiwani, tumbo moja. Lori la Fuso liliingia likiwa na mabomba ya chuma ya visima, mzigo wa kwenda Mafia. Barabara ilikuwa imelitikisa mno. Mabomba yote yalikuwa yamehamia kushoto, yameulalia ubao wa pembeni mpaka umebenuka. Abdulrazaq aliliona hilo kwa macho yake. Lakini maji yalikuwa yanakupwa, na nahodha wa boti anapiga kelele.

"Ridhiwani, fungua upesi, boti itakwama!"

"Upande huu huu, kaka?"

"Huo huo bwana, maji hayatusubiri."

Ridhiwani akasimama mbele ya ubao, akagonga komeo la kwanza kwa nyundo. Akagonga la pili. Ubao ukaanguka kwa kishindo na mabomba yakamshukia.

Abdulrazaq alilivamia bomba la juu kwa mikono mitupu, lisisogee. Wakaja watu watano. Walipoliinua, jingine likateleza, likamkandamiza zaidi.

"Kaka, miguu yangu siisikii."

"Unayo, mdogo wangu. Wallahi unayo."

Walimkimbiza hospitali ya Kibiti kwa gari la jirani, Salwa amempakata kichwa. Kila shimo la barabara lilimtoa yowe. Kisha mayowe yakakoma, na ukimya ule ulimtisha Abdulrazaq kuliko yote.

Ridhiwani hakufa. Uti wa mgongo ndio uliovunjika. Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile, na hawezi kujigeuza kitandani. Salwa ameacha biashara yake, maana nani atamgeuza? Kila asubuhi Abdulrazaq huja kumwogesha.

Juzi, Abdulrazaq alipokuwa anamkausha mdogo wake, Salwa alimuuliza taratibu:

"Shemeji, siku ile wewe ulisimama wapi?"

"Nyuma ya gari."

"Kwa nini nyuma?"

Abdulrazaq alimtazama mdogo wake, naye Ridhiwani akageuzia uso ukutani.

"Kwa sababu pale mabomba yasingenifika."

Salwa alichukua ndoo ya maji machafu akatoka nje. Hakurudi mpaka shemeji yake alipoondoka.

FUNZO

Ewe unayepakia na kupakua, kabla hujagusa kamba au komeo, jiulize: kitu hiki kikiponyoka kitaelekea wapi? Kama kitaelekea uliposimama, ondoka hapo kwanza. Mzigo uliohama usifunguliwe upande ulioegemea. Ushushwe kwa juu, kidogo kidogo. Nawe msimamizi, mahali usipothubutu kusimama mwenyewe, usimsimamishe mwenzako. Boti ile iliondoka na maji ya siku iliyofuata, wala hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa kuchelewa.