Maji ya Jumapili

Jani bichi ndilo Carine aliloliona kwanza. Lilipita mbele yake likizunguka majini, likafuatwa na la pili, kisha kijiti kilichovunjika na maua yake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mto akilinda viatu vya wenzake. Aliipenda kazi hiyo, maana haikumlazimu kuongea na mtu.

Kila mwaka wanafunzi wa Madame Martine huandika orodha ya mahali pazuri pa kutembelea katika milima ya Likasi, kisha huenda kupaona wenyewe. Jumapili hiyo, baada ya misa, walikuwa wamekwisha kuona pango la popo, na kilima ambacho ukisimama juu yake, mabomba ya moshi ya kiwanda cha Shituru huonekana madogo kama njiti za kiberiti. Maporomoko ya mto huu yalikuwa ya mwisho. Watoto kumi na mmoja walivuka maji yaliyowafika vifundoni, wakapanda jiwe pana katikati ya mto ili wapigwe picha.

Carine alichota maji kwa kiganja. Walipofika yalikuwa maangavu. Sasa yalikuwa na rangi ya chai.

"Madame, maji yamebadilika," alisema kwa sauti ndogo.

Papa Tshimanga, aliyewaongoza njia, alimgeukia Carine akicheka. "Usiogope, mama. Kule juu wachimbaji wanaosha mawe yao ya shaba. Kila nikileta wageni hapa siku za kazi, maji yanakuwa vile."

"Carine anaogopa hata maji ya kunawa," Ricky alisema kutoka juu ya jiwe. "Weye kaa na viatu vyetu. Vikipotea, utatubeba mgongoni mpaka nyumbani."

Wenzake wakacheka. Madame Martine akainua simu apige picha.

Carine akachota maji tena, akayatazama. Karibu wachimbaji wote wa kule juu husali katika kanisa moja la maombi, na Jumapili hakuna anayegusa beleshi. Kama hakuna aliyeosha mawe, matope haya yalitoka wapi? Akatazama juu. Hapa jua liliwaka, lakini nyuma ya mlima anga lilikuwa jeusi.

Angesema, wangemuuliza amejuaje. Na tangu darasa la nne alikuwa akiwaambia kwamba baba yake ni fundi wa kiwanda cha Shituru.

Maji yakagusa viatu alivyokuwa ameviweka pakavu.

Carine akasimama. "Leo ni Jumapili," alisema, na safari hii sauti yake ilifika mpaka kwenye jiwe. "Hakuna anayeosha. Hii ni mvua ya mlimani. Madame, watoke."

Kicheko cha Papa Tshimanga kilikatika. Alitazama anga, akaingia mtoni na viatu vyake. "Shikaneni mikono," aliwaambia watoto. "Mje polepole, msikimbie."

Maji yalikuwa yamewafika magotini. Walivuka mmoja mmoja. Ricky alikuwa wa mwisho. Aliteleza, na Papa Tshimanga akamkamata kola ya shati na kumvuta hadi ukingoni. Walikuwa bado wanapanda mteremko waliposikia mngurumo. Mto uliteremka mwekundu ukisukuma gogo zima, na jiwe lile likafunikwa lote.

Ricky alitazama miguu yake mitupu. Viatu vyake vilikuwa vimekwenda, lakini hakuvitaja.

"Miaka tisa ninaleta watu hapa," Papa Tshimanga alisema. "Jumapili sijawahi. Nilidhani ninaujua mto huu."

Madame Martine aliwahesabu watoto mara mbili kabla ya kusema. "Orodha yetu itabaki na maporomoko haya, kwa sababu ni mazuri. Lakini chini yake tutaandika: maji yakibadilika rangi, toka kwanza, uulize baadaye. Na anayejua jambo aseme, hata kama wanamcheka. Carine angenyamaza, leo tungekuwa tunalia." Akamgeukia. "Lakini mwanangu, umejuaje habari za Jumapili?"

Wote walimtazama. Carine alishika ncha ya sketi yake, kisha akaiachia.

"Baba yangu hafanyi kazi Shituru," alisema. "Ni mchimbaji. Anaosha mawe kule juu, na Jumamosi ni miye ninampelekea chakula."