Behewa la Mlango Mmoja

Cheche aliomba radhi mara tatu asubuhi ile kabla hajakumbuka kwamba alikuwa peke yake.

Mara ya kwanza alikuwa anapima mbao za kitanda, kiwiko kikagonga kitu laini, akasema "samahani" bila kugeuka. Mara ya pili alimkanyaga mtu. Mara ya tatu alirudi nyuma hatua moja aone kama rafu imekaa sawa, mgongo wake ukaegemea tumbo la mtu, tumbo lenye joto, likapumua, likampisha kidogo. "Ah, pole, bwana," akasema. Ndipo akili ikamrudia. Akageuka. Behewa lilikuwa tupu kama ukumbi wa harusi iliyovunjika.

Cheche hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mbishi wa kubishana hata na ngazi, na jina lile la utani lilimganda kama makovu ya mikononi mwake. Akajiambia ni njaa. Akaenda kula.

Behewa lenyewe walilikuta nyuma ya nyumba yao walipohamia, limekaa juu ya kipande cha reli kilichosahauliwa, majani yamefika madirishani, milango yake miwili imeng'oka, mmoja kila mwisho, upepo ukiingia huku na kutokea kule. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyelitazama siku moja akasema watu wa mjini wanapenda kulala mahali pa ajabu. Likisafishwa litakuwa kijumba cha wageni wa mapumziko. Cheche akamwambia huo ni wazimu. Wiki iliyofuata alikuwa ndani yake na mashine ya kuchomelea, akieleza wazo lake mwenyewe kwa kila aliyepita. Akatundika mlango mpya wa mbele, unaofungukia ndani. Wa nyuma akauziba kwa bamba la chuma, pembe zote nne, maana hapo ndipo pa kukaa bafu. Aliupenda sana mshono wa bamba lile. Alimwita mkewe aupapase.

Siku chache baada ya zile samahani, mkewe alimfuata jikoni, akasimama karibu mno.

"Nani alinishikia pazia?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Wewe ulikuwa juu ya paa. Nilikusikia unavyoimba vibaya."

Cheche akatafuta mzaha, akaukosa. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, mwanamke yule hakucheka wala hakungoja kuchekeshwa. Akamweleza kwamba upande wa pili wa pazia ulishikwa vizuri, ukanyooshwa, kama anavyofanya mtu mwenye adabu. Kisha alipomaliza, mtu huyo huyo akamsukuma kwa bega.

Adabu iliishia hapo. Joto likaanza, joto la watu wengi mahali padogo, hata madirisha yake ya nondo yakiwa wazi. Ikaja harufu ya nguo zilizolowa zikakaukia mwilini, ya nywele zisizooshwa, ya pumzi juu ya pumzi. Godoro jipya likaonyesha mabonde matano yaliyopangana, kama watano wameketi wanangoja kitu. Cheche akang'oka ukucha wa kidole gumba cha mguu kwa kukanyagwa na kisigino kisichoonekana, akasema amejigonga.

Wageni wa kwanza walikuwa maharusi. Waliingia saa nne asubuhi wakishikana mikono. Saa sita walikuwa nje juani, wamekalia sanduku lao, bibi harusi ameshika ubavu. Alisema kwa upole kwamba walidhani wamelikodi peke yao. Ubavuni alikuwa na alama za viwiko, za bluu, za watu wa urefu mbalimbali.

Baada ya hapo mkewe alitaka behewa liachwe. Cheche akakataa, akatoa hotuba ndefu kuhusu upepo mbaya na watu wa mjini kujidekeza. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akasema ameshamwita mganga, kesho anakuja, na kama fundi ana hotuba nyingine amhutubie huyo.

Kesho yake mchana, jua likiwa utosini, mkewe aliingia behewani kutoa mashuka yake. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Cheche alikuja mbio aliposikia jina lake likiitwa kama mtu anayeita kutoka chini ya magunia. Akatia bega. Mlango ukaingia ndani upana wa kidole, ukarudi, laini, kama unaosukumwa na nyama.

"Usisukume," mkewe akasema kwa shida. "Unawasukuma wao, wao wananisukuma mimi."

Akaondoa bega. Kutoka ndani hakukuwa na kelele. Ilikuwa pumzi tu, mamia ya pumzi, na katikati yake pumzi moja anayoifahamu, ikizidi kuwa fupi.

Mganga alifika wakati huo kwa pikipiki, mama mnene mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba. Hakusalimia. Alilizunguka behewa akihesabu hatua, akasimama nyuma, akapapasa bamba la chuma.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi."

"Umeziba vizuri," akasema, kama anayemsomea hukumu. "Hapa ni njia yao, fundi. Behewa limewekwa juu ya njia, wakalivumilia kwa sababu lilikuwa wazi. Wanaingia mbele, wanatokea nyuma. Wewe umewafungia kutoka, hukuwafungia kuingia. Tangu siku hiyo wanaingia. Wako wangapi humo sasa?"

Cheche alikuwa ameshashika grenda, mashine yake ya kukatia chuma.

"Mwambie ashike kitu," mganga akasema. "Wakitoka wasije wakatoka naye."

Cheche akapiga kelele mkewe ashike mguu wa kitanda, ule wa chuma aliouchomelea kwenye sakafu, ashike kwa mikono yote miwili asiachie hata akiitwa na mama yake mzazi. Kisha akawasha grenda, cheche zikaruka usoni mwake na hakuziona, maana bamba lilikuwa linavimba mbele yake, linatoka vinundu, hapa paji la uso, pale goti, pale kiganja kilichojipanua na kutulia sambamba na kiganja chake, na kila alipokata urefu wa shibiri wale wa ndani walijua, wakaegemea, chuma kikalia, na ndani ya kilio kile akasikia mkewe akihesabu kwa sauti kama anavyohesabu mishono, kumi na moja, kumi na mbili, kisha kumi na mbili tena, kisha hakuna.

Bamba likaruka. Likampita sikioni.

Hakuona mtu. Aliona majani yakilala chini, kuanzia kwenye tundu hadi vichakani, yakilala na kulala tena, hayapati nafasi ya kuinuka, kwa muda wa kupika chai na kuinywa. Walimpita wakimkwaruza. Mmoja alimtemea mate, ya moto, shavuni.

Majani yalipoinuka, aliingia. Mkewe alikuwa sakafuni, amekumbatia mguu wa kitanda, na vidole vyake ikabidi avibandue kimoja kimoja. Alikuwa hai. Cheche akalia bila aibu yoyote, akaahidi kulikata behewa vipande vipande.

"Mpita njia ukimfungulia, anapita," mganga akasema akipanda pikipiki. "Imekwisha."

Walitembea polepole hadi nyumbani, mkewe akimwegemea. Mlangoni akasimama. Akajibana kwenye fremu, akavuta tumbo ndani, akaangalia chini, kama mtu anayempisha mkubwa.

"Unampisha nani?" Cheche akanong'ona.

"Alikuwa amenishika kiuno tangu kule." Midomo yake haikusogea vizuri. "Huyu hakuwa anapita."

Mbele yao, mlango wa nyumba yao ukafungwa taratibu kutoka ndani. Likateremka komeo la juu. Kisha la chini.